Shingo ya Jogoo wa Kijivu

Kimulot, 14 Januari 2024

Cliff mdogo wangu,

Huku baridi ndiyo inatawala, lakini tumeamka na tuko wazima, na natumaini ninyi huko Uyoma mmeamka hivyo hivyo. Dorcus anakusalimu. Ile sweta yako iliyoingia kwenye mizigo yetu Krismasi ameifua, na usiiulize tena kwa sababu ndiyo nimevaa nikikuandikia. Mvua ya mawe ilipiga chai wiki ya kwanza ya mwaka. Kule juu karibu na msitu wakulima wamebaki na vijiti, na sisi makarani wa mizani kiwandani tunashinda tumekunja mikono. Watoto wamerudi shule na nyumba imetulia. Macho ya Baba yanaendeleaje? Nikimpigia simu anasema anaona vizuri, halafu nasikia Eucabeth wako akimwelekeza kiti kiko wapi.

Kiberiti chako kilifika na basi, na flai mbili ndani, ndoano zako ulizozivika manyoya na uzi. Dorcus alidhani ni wadudu akataka kuzipiga na kandambili. Najua ungependa nikupigie nikwambie zilivyofanya kazi, lakini simu haibebi flai, na mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika tatu bila kununiana. Kwa hivyo nakuandikia. Nilizipeleka mto Itare Jumamosi, pale chini ya daraja ambapo Baba alikuwa akitupeleka enzi zake akiwa mlinzi wa mto wa wakubwa wa chai. Nilitupa mpaka jua likawa utosini. Hakuna samaki trauti hata mmoja aliyeinua kichwa. Sikulaumu. Wewe unafunga flai kando ya ziwa, kwenye mbuta na omena, ambako hakuna samaki anayejua flai ni kitu gani. Mwenye mto ni mimi.

Shida yangu ni manyoya. Majogoo wa huku shingo zao ni laini, flai inakunywa maji na kuzama kabla trauti hajaiona. Yule jogoo wa kijivu wa Baba nilimwangalia sana Krismasi. Manyoya ya shingo yake yanasimama yenyewe, na rangi ni ile kamili ya flai ya Baba tuliyoiita Karani, mwili wa kijivu na kamkia kekundu. Nitumie konzi moja tu. Ya shingoni, siyo ya mgongoni.

Mpe Baba mkono wangu.

Kaka yako,
Kepher


Uyoma, 11 Februari 2024

Kaka Kepher,

Barua yako niliisoma kwa sauti, Baba na Eucabeth wakisikiliza, na ile ya kandambili tuliirudia mara mbili. Wote wanakusalimu wewe na shemeji Dorcus. Mimi niko na Gredi ya Sita mwaka huu, watoto hamsini na kitu kwenye madawati ya thelathini. Omena imeadimika na kila mtu analia. Kuhusu macho ya Baba sitakuficha. Jua likishuka haoni vidole vyake. Lakini bado anafunga. Anashika ndoano kwenye ile vaisi yake ndogo ya mezani, anazungusha uzi, na manyoya anayapima kwa kuyapitisha juu ya mdomo wa juu kujua kama ni magumu au laini. Jana alifunga Karani nzima akiwa amefumba macho, akisema kuyafumbua hakumsaidii chochote.

Nilimwomba hayo manyoya. Alinijibu hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Huyo jogoo si wa kunyonyolewa. Ni wa Kepher. Siku atakapotoka kwangu kwenda kufungua boma lake, huyo ndiye atakayembeba, na mwanawe mkubwa atabeba shoka, na Dorcus atabeba moto. Wakishalala mle ndani, manyoya ni yake, anyonyoe mpaka achoke."

Kaka, unajua ninakoelekea, na nitasema wazi kwa sababu kwenye simu huwa unakata. Eucabeth ameolewa hapa mpaka watoto wetu wamefika mabegani mwangu, na bado tunalala kwenye simba, nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake. Akitaka kuhamisha hata jiko lazima aombe ruhusa. Siwezi kujenga kabla yako. Mdogo kumruka mkubwa ni jambo ambalo hata mchungaji wetu hathubutu kulihalalisha. Sikuombi nyumba ya kuishi. Weka nguzo, weka mabati, ulale pale na mke wako, kisha urudi kwenye kiwanda chako. Siku moja yako ndiyo itanifanya mimi kuwa mtu mzima.

Nimekuwekea flai tatu, zote Karani. Manyoya ni yale jogoo aliyoangusha mwenyewe chini ya kibanda, hakuna aliyemgusa. Uzi wa kichwani ni wa kijani, nisamehe, Eucabeth anashona sare za shule na huo ndio ulikuwa kwenye cherehani.

Na kweli hakuna hata trauti mmoja aliyeinuka? Nilipomwambia Baba alicheka, akasema bila shaka ulisimama mahali ambapo kivuli chako kinaanguka majini.

Mdogo wako,
Clifford


Kimulot, 24 Machi 2024

Cliff,

Usione kimya ukadhani nimekasirika. Kazi imerudi, chai imechipuka tena baada ya ile mvua ya mawe na malori yanafika kiwandani mpaka saa nne usiku. Dorcus ana mafua. Kijana wetu mkubwa amefanya vizuri hesabu. Nimefurahi kusikia Baba bado anafunga, na nimefurahi pia kusikia kwamba amekaa hapo akicheka kivuli changu. Mwambie kivuli changu nakijua. Nimesimama kwenye ule mto kila Jumamosi ya kiangazi tangu aondoke kazini, na sijaona mtu mwingine wa nyumba yetu amesimama hapo.

Flai zako tatu nilizijaribu. Zinaelea, hilo nakubali. Lakini umezidisha uzi kichwani na mkia ni mrefu. Trauti wa Itare si wajinga. Niliambulia patupu. Nakwambia kwa faida yako, kwa sababu wewe huna mto wa kukusahihisha. Unayo tu mikono ya Baba juu ya mikono yako kila jioni, jambo ambalo wengine wetu hatukupata.

Jumamosi ya Pasaka klabu ya shamba wana mashindano na mwaka huu wameruhusu wafanyakazi. Nitaingia na flai nilizofunga mwenyewe. Wametoa kombe.

Hayo mengine ya nguzo na mabati nimeyasikia. Mkubwa ni jalala, kila mtu anakuja kumwaga lake. Tutaangalia mwezi wa nane.

Kepher


Uyoma, 21 Aprili 2024

Kaka Kepher,

Hapa tuko salama. Mvua imeanza na Eucabeth amepanda maharagwe. Baba anakohoa kidogo lakini anakula. Shemeji Dorcus tunamwombea hayo mafua yaishe.

Hongera kwa kombe. Binamu yetu Molly, kwa vile anafanya kazi ofisi ya shamba, aliweka picha kwenye grupu ya familia usiku ule ule wa Jumamosi. Labda hukujua yumo. Umesimama na meneja, umevaa sweta yangu, umeshika trauti mrefu kama mkono wa mtu. Picha ni safi sana. Nilivuta karibu. Flai imening'inia kwenye mdomo wa samaki, na kichwa chake ni cha kijani.

Kijani cha sare za shule yangu, kaka. Hakuna duka hapo Kimulot linalouza uzi huo. Chini Molly ameandika, "Amefunga flai mwenyewe kwa mkono wake, na alishika wanne kabla ya saa tano." Baba aliniuliza tunaangalia nini. Nilimsomea yote isipokuwa rangi ya uzi. Alifurahi mpaka akaomba chai ya pili. Akasema, "Kumbe Kepher ameanza kufunga."

Nikaenda kumletea hiyo chai. Sitaki kombe, na wala sikuulizi trauti wa Januari na Machi walikuwa wangapi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye simu ya Eucabeth. Lakini flai zangu hutaziona tena. Naona wivu pia, kama unadhani ni wako peke yako. Wewe una mto. Mimi nafunga hapa wadudu wa kumpa mtu mwingine, na hata kusikia tu kwamba walikula, nimenyimwa.

Unisikie. Weka kombe lako kabatini, vaa hiyo sweta, lakini mwezi wa nane uje ujenge. Nikiwa na boma langu nitasahau mengine yote.

Clifford


Kimulot, 2 Juni 2024

Clifford,

Salamu kwa Baba na kwa Eucabeth. Sisi ni wazima.

Nimeandika barua hii mara tatu nikichana. Sasa naiandika ya mwisho na nitaituma hata kama ni mbaya. Flai ni flai. Ndoano ni yangu, fimbo ni yangu, mto ni wangu, na aliyesimama kwenye maji baridi mpaka magoti yakafa ganzi ni mimi. Ukitaka kumwambia Baba habari ya uzi wako, mwambie.

Lakini kwa vile umeanza kusema wazi, na mimi niseme. Nilipopelekwa bweni, nilimwacha Baba akiwa ameniahidi kwamba nikirudi likizo atanifundisha kufunga. Niliporudi nilikuta wewe umekaa mapajani kwake mbele ya vaisi, hata kusoma hujui, na vidole vyako vimeshika uzi. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia ingia. Likizo iliyofuata mlikuwa mmefika kwenye Karani. Nikafundishwa na nani? Nilijifunza kwa kufumua flai za Baba zilizoharibika, kuona uzi ulianzia wapi. Alipostaafu alirudi Uyoma na vaisi. Hakuiacha Kimulot na mimi niliye na mto. Aliibeba kwenda kwa asiye na mto.

Wewe unalala kwenye boma lake, unakula naye, anakuita kabla hajaamka vizuri. Halafu unalia kwamba hujawa mtu mzima. Mimi nimekuwa mtu mzima siku nyingi na sijaona faida yake.

Kitu kimoja tu Baba amewahi kusema ni cha Kepher, nacho ni huyo jogoo. Nitakuja mwezi wa nane, Jumamosi tarehe kumi. Mtu yeyote asiokote manyoya yake tena, hata yaliyoanguka.

Kepher


Uyoma, 30 Juni 2024

Kaka Kepher,

Barua yako iliniuma, na sehemu ya mlangoni ilinikosesha usingizi. Sikujua. Nilikuwa mdogo na mtoto haoni nyuma yake. Siwezi kujibu kwa niaba ya Baba, ila ukija mtakaa mkaongea.

Lakini neno lililonishika ni tarehe kumi. Nilipomwambia Eucabeth alikaa chini jikoni akafunika uso na leso. Baba ameagiza koti lake la kanisani lipigwe pasi, na bado ni wiki sita. Baba mdogo Onyiego amekubali kukuonyesha kiwanja pamoja na Baba, maana macho hayatoshi. Nguzo nimezikata mimi, mabati nimeazima kanisani mpaka utakapoleta yako, fundi ameshaambiwa. Wewe uje na Dorcus na kijana wenu mkubwa. Shoka tumelinoa.

Jogoo ni mzima na anapigana na kila mtu. Sasa amekomaa, na shingo yake ikishikwa na jua hata mimi nageuka pembeni nisitamani. Hakuna aliyeokota kitu.

Nakusubiri kwa furaha kubwa.

Clifford


Uyoma, 25 Agosti 2024

Kaka,

Natumaini mlifika salama na shemeji amepata nafuu. Hapa tunaendelea.

Nimekaa wiki mbili nikitafuta maneno. Ulikuja peke yako. Ukasema Dorcus ni mgonjwa na kijana ana mitihani, na hatukubisha, ugonjwa hauna saa. Ulikunywa chai, ukakataa kukaa, ukashinda nje ukimwangalia jogoo. Halafu ukasema afadhali umchukue akuzoee, Desemba utarudi naye pamoja na familia nzima. Baba ndiye aliyesema sawa. Baba mdogo Onyiego alitikisa kichwa, kwa sababu jogoo wa boma hatoki nyumba ya baba kwenda nyumba ya kampuni. Nyumba ya kampuni si boma, ukistaafu wanabadilisha kufuli. Lakini Baba hakutaka kukunyima kitu mbele ya watu. Ukamtia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, ukatoboa mashimo, na saa tisa ulikuwa umeondoka.

Nguzo bado zimelala kwenye nyasi. Mabati nimeyarudisha kanisani.

Baba asubuhi anakaa kwenye kile kiti akisubiri awike, halafu anakumbuka. Siku hizi anataka nikupigie alfajiri ili amsikie kwenye simu. Nimepiga na hushiki. Molly anasema amepita kwako mara mbili na hakuona kuku yeyote. Labda umemweka kwa jirani. Niambie tu yuko wapi, nimwambie mzee.

Clifford


Uyoma, 29 Septemba 2024

Kaka Kepher,

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba haulizi tena kuhusu kuwika, na hilo ndilo linanitisha. Eucabeth amepika mihogo na anakusalimu.

Nakuuliza mara ya pili. Jogoo yuko wapi?

Clifford


Kimulot, 20 Oktoba 2024

Cliff,

Salamu kwa wote. Dorcus hakuwa mgonjwa mwezi wa nane, na wewe ulijua.

Kwenye katoni utakuta ngozi ya shingo yake, nimeipaka chumvi nikaikausha vizuri. Pembeni kuna kiberiti chenye flai nne. Nilimchinja wiki ya pili baada ya kurudi.

Sikuja huko nikiwa na nia hiyo. Niliingia bomani nikiona nguzo zimepangwa, nikaona koti la Baba limepigwa pasi, nikaona wewe unavyotembea huku na huku na furaha yako. Niliwaza, nikijenga, jogoo atabaki hapa. Mimi nitarudi kwenye chai, na Cliff atakuwa na boma, atakuwa na Baba, atakuwa na vaisi, na kila asubuhi ataokota manyoya ya jogoo wangu. Nisipojenga, angalau kuna kitu kimoja ambacho huwezi kukipata bila mimi. Ndiyo. Nimekuwa nikilala na hilo wazo miaka mingi, na nilikuwa naliita kazi nyingi.

Kwa hivyo nilimchinja ili manyoya yawe yangu yote. Dorcus alikataa kumpika. Aliposikia ni jogoo gani alitoka nje akakaa kwa jirani mpaka jioni.

Nilifunga, Cliff. Nilifunga kila jioni wiki mbili. Safari hii manyoya hayakuwa kisingizio, yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kushika. Uzi wa kijivu, sufi ya mkia niliipaka rangi mwenyewe, kichwa nilikimaliza kwa cutex ya Dorcus, ile rangi yake ya kucha, kikang'aa. Nilizikagua kwa mwanga wa dirisha na sikuona kosa. Nikaenda Itare Jumamosi tatu za mwezi wa tisa, nikasimama mahali ambapo kivuli hakifiki majini. Hakuna kitu. Hakuna hata aliyeigusa. Nilikaa kwenye jiwe nikajua kwamba haikuwa manyoya wala uzi. Ni mkono. Baba alikupa wewe mkono, na mimi nimechinja boma langu kujua hilo.

Angalia hizo nne uniambie kama kuna kosa, maana mimi silioni. Na tafadhali usimwambie Baba. Mwambie aliliwa na fisi, huku msitu uko karibu.

Kepher


Uyoma, 8 Desemba 2024

Kaka Kepher,

Dorcus na watoto wasalimie sana, hao sina neno nao. Maharagwe tumevuna gunia moja na nusu. Baba anakohoa lakini anatembea.

Sikupata nafasi ya kusema habari za fisi. Nilipofungua katoni mezani Baba alikuwa amekaa upande wa pili akisikia harufu ya chumvi. Alinyoosha mkono kabla sijaondoa. Aliipapasa ile ngozi kutoka juu mpaka chini, akaipitisha mdomoni, akairudisha kwenye katoni na kufunga vizuri. Akasema, "Huyu amekufa siku nyingi." Halafu akasema niende nimwite Onyiego. Sikusema jina lako na yeye hakulisema.

Jumanne ya wiki ile tulitoka kwenda kufungua boma langu. Baba alitangulia na fimbo yake, Onyiego akimshika kiwiko. Mwanangu alibeba shoka, Eucabeth moto, na mimi nilibeba jogoo mwekundu wa kuku wa Eucabeth, mwenye shingo ya kawaida kabisa. Baba mdogo aliuliza mbele ya watu, "Na mkubwa wao?" Baba akajibu, "Mimi ndiye ninayewaruhusu. Kama kuna lawama, iko kwangu." Jua lilipozama tulikuwa na paa. Kwa hivyo nimekuruka, kaka. Siku ukija kujenga utajenga ukiwa umetanguliwa, na hakuna wa kulibadilisha hilo, hata mimi nikitaka. Nililia, na Eucabeth alilia, lakini kwa sababu tofauti.

Sasa flai zako. Kile kiberiti nilikuwa nimekitia mfukoni siku ile, Baba hakujua kipo. Juzi alikuja kututembelea hapa kwangu. Sijui kwa nini nilikitoa. Kwanza nilimuuliza tu, flai nzuri inaweza kurudi mikono mitupu kutoka Itare mwezi wa tisa? Akashangaa swali. Akasema, "Mwezi wa tisa? Mvua ya Mau inashusha udongo wote, Itare ni matope matupu. Trauti haoni hata mkia wake. Hata mimi sikuwa nikienda. Maji yakisafika mwezi wa kumi na mbili, hapo ndipo mtu aende."

Nikamwekea hizo nne kiganjani. Alizishika moja moja muda mrefu. Akapima kichwa kwa kucha, akapima mkia, akapitisha manyoya mdomoni, akarudia. Akasema, "Hii ndiyo Karani. Miaka yote nimefunga na sikuwahi kuipata hivi." Mimi nimekaa naye tangu nikiwa mapajani, kama ulivyosema, na hajawahi kuniambia neno hilo hata siku moja.

Akaniuliza, "Nani amefunga?"

Nikamwambia ni mimi.

Clifford